Kwenda kusikiliza roki na fanki ya laivu Bagamoyo: fika saa kumi jioni

Onyesho la saa tatu usiku huanza saa kumi jioni. Saa kumi ndipo gari la mitambo linapoingia getini kinyumenyume, vijana wanashusha spika, fundi anatandaza nyaya, na mpiga drams anakaa peke yake jukwaani akikanyaga dramu kubwa. Du. Ananyamaza. Du. Ananyamaza. Anayepita nje hudhani kijana kachoka au kanuna. Lakini ndani ya hiyo robo saa ya du moja moja ndimo usiku wote unamoamuliwa, na nimeandika mwongozo huu ili nawe ujue kuitumia.

Nakaa Bagamoyo. Bendi nimezisikiliza hapa miaka mingi, nyingine nikiwa nimelipa kiingilio, nyingine nikiwa nimeegemea ukuta wa nje. Roki na fanki haziji kwetu kila wiki. Wiki za kawaida ni bongo fleva, singeli, dansi, na taarab kukiwa na harusi. Usiku wa magitaa mazito ukitokea huwa ni wa tamasha, au wa vijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, au wa bendi iliyoalikwa kutoka Dar ikapewa kijukwaa kwenye baa ya ufukweni. Ukiupoteza, utangoja miezi. Ndiyo maana naumia nikiona mtu kalipa, kaingia saa nne, kasimama kwenye kona mbaya, kisha kaondoka akisema bendi ilikuwa kelele tupu. Mara nyingi kelele ilikuwa pale aliposimama yeye. Hatua nne mbali, bendi ilikuwa inapiga muziki.

Hakikisha ni laivu kweli

Tarehe ya kuanza nayo katika kalenda yako ni ya Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Lilianza 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kufunguliwa, chuo ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Huchukua siku kadhaa, kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba. Mchana ni ngoma, sarakasi na maigizo. Usiku bendi hupanda, na hapo utasikia gitaa la umeme na zeze vikipishana jukwaa moja. Kama unaanza kabisa, anza na tamasha. Mitambo huwa mikubwa, bendi ni nyingi, na ukichoka na moja utapata nyingine.

Nje ya tamasha, habari hutembea kwa mabango, kwa gari la matangazo na kwa stetasi za WhatsApp. Hapo uwe mwangalifu, kwa sababu neno "laivu" siku hizi linabandikwa hata pale ambapo mwimbaji anashika maiki na nyuma yake inacheza flashi. Piga simu namba iliyo kwenye bango. Usiulize "mnapiga laivu?" maana utajibiwa ndiyo. Uliza hivi:

"Samahani kaka, habari za kazi. Jumamosi drams zitakuwepo jukwaani?"

"Zipo."

"Na mpiga besi yupo, au besi inatoka kwenye kinanda?"

Jibu la swali la pili ndilo la kusikiliza. Kinanda kinaweza kubeba besi katika nyimbo nyingi na usione kasoro, lakini fanki inataka mtu mwenye nyuzi nne, anayezichapa kwa kidole gumba na kuzivuta kwa kidole cha shahada. Akisita, au akikwambia "tutaona", jua jibu. Kisha malizia na la tatu: mitambo inafika saa ngapi? Hiyo ndiyo saa yako ya kufika.

Angalia pia mwezi. Ramadhani mji huu hutulia, na sioni haja ya kutafuta roki wakati jirani yako yuko tarawehe. Masika nayo, Machi hadi Mei, huvunja maonyesho mengi ya nje, na hata ukumbi wa makuti ukivuja kidogo juu ya jukwaa la umeme onyesho lazima lisimame. Msimu mzuri ni kuanzia Juni, upepo wa kusi unapopoza mji na watu wana nguvu ya kucheza.

Sikiliza kidogo nyumbani

Saa moja ya kusikiliza kabla ya kwenda inatosha. Si kwa ajili ya kukariri majina, ila masikio yako yasishtuke.

Wapo wanaoamini kwamba muziki huu umeshuka juzi kutoka kwenye ndege. Miaka ya 1960 vijana wa Dar es Salaam walikuwa wamezama katika soul, muziki wa Wamarekani weusi, kiasi kwamba mwishoni mwa miaka hiyo uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao enzi hizo ulikuwa na Dar ndani yake, uliupiga marufuku muziki huo mjini. Haukufa. Mwaka 1970 ilizaliwa Dar bendi iliyoitwa Sunburst, ikachanganya roki, soul na midundo ya kwetu, kisha ikaenda Zambia, ambako roki ilikuwa imeshamiri kwelikweli, na huko ikatoa santuri yake 1976. Itafute, ipo mtandaoni. Ukivuka maji haya tunayoyatazama kila siku kutoka forodhani, unafika Zanzibar, alikozaliwa mwaka 1946 mtoto aliyekuja kuitwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko hapahapa mjini. Mzee Hukwe Zawose alikuwa mwanamuziki wa Kigogo aliyekuja Bagamoyo na kufundisha Chuo cha Sanaa, akafariki 2003, na ukoo wake unaendelea kupiga muziki hadi leo. Iangalie ilimba, chombo alichokuwa akipiga, kwa karibu. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma, na pale penye tundu hubandikwa utando wa buibui. Ule utando unatetemeka na kuongeza mkwaruzo juu ya noti iliyo safi. Bila mkwaruzo huo mpigaji ataona chombo chake kinaumwa. Gitaa la roki linafanya jambo hilohilo kwa umeme: ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, inasukumwa kupita uwezo wake mpaka mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na noti inatoka ikiwa na manyoya. Kwa hiyo mtu akikwambia gitaa la roki "limeharibika", mwambie asikilize ilimba kwanza. Zawose mwenyewe alitoa albamu mwaka 2002 pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, na ukiisikiliza utaona gitaa na ilimba havikuhitaji mkalimani.

Nauli, noti, nguo

Ukitoka Dar, panda Coaster pale Makumbusho. Ni kilomita sabini na kitu kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, lakini Ijumaa na Jumamosi jioni usihesabu kilomita, hesabu foleni. Ondoka mapema mchana. Panga pia kulala, kwa sababu gari za kurudi huisha kabla bendi haijapiga nusu ya nyimbo zake. Gesti za bei nafuu zipo Magomeni na maeneo ya stendi, za ghali kidogo zipo Mji Mkongwe na ufukweni. Wiki ya tamasha weka chumba siku kadhaa kabla.

Beba noti ndogo: za elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Mlangoni chenji ni tatizo, na noti ndogo zitakufaa tena baadaye nitakapofika kwenye kutuza. Fedha za simu zinapokelewa sehemu nyingi, lakini mtandao husumbua watu wakijaa.

Vaa viatu vya kufunika vidole. Utakuwa kwenye mchanga, gizani, penye watu wanaorukaruka. Na kwa kuwa mji wetu ni wa watu wenye staha, ukivaa nguo fupi jifunge kanga mpaka ufike ukumbini. Wazee waliokaa barazani hawatakwambia kitu, ila salamu yako wataiitikia kwa moyo zaidi.

Fika wakati wa kujaribu mitambo

Ingia saa kumi, au kumi na moja. Kumbi nyingi za hapa hazina neno na mtu aliyeagiza soda akatulia. Msalimie fundi mitambo. Kama ni mtu mzima, shikamoo yake impate, kisha umwache afanye kazi. Fundi anayejaribu mitambo ni kama mpishi anayeonja chumvi, ukimsemesha unaharibu sufuria.

Sasa angalia mpangilio. Dramu kubwa kwanza, peke yake, kwa sababu ndiyo chini ya kila kitu. Halafu snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, kisha matoazi, kisha besi. Besi ikiingia, fundi husogea kutoka kwenye mikisa yake, ile meza ya kuchanganyia sauti, na kutembea: katikati ya ukumbi, nyuma, pembeni, karibu na choo. Mfuate kwa macho. Anatafuta pale ambapo sauti inavimba na pale inapopotea. Uzi mzito wa besi hutoa wimbi lenye urefu wa mita nane hivi, na wimbi refu namna hiyo likigonga kuta mbili zinazokutana kwenye kona hujikusanya hapo kama takataka za bahari. Pale fundi anapokunja uso, wewe usisimame hapo usiku. Pale anapoitikia kwa kichwa taratibu na kurudi kwenye mikisa, weka alama.

Kuna kitu kidogo nilikiona mara ya kwanza ukumbi ukiwa mtupu, na tangu hapo nakingoja. Mpiga besi alipiga noti moja ya chini, hakuna mwingine aliyekuwa anagusa chombo, na ile snea, mita mbili mbali naye, ikaanza kunong'ona yenyewe: shrrrr. Nyaya za chini ya snea zilikuwa zinatetemeshwa na besi. Wakati huohuo vumbi la makuti likashuka polepole kwenye mwanga wa taa ya jukwaani. Mpiga drams alicheka, akainama, akasogeza kijichuma cha pembeni na kuzilegeza. Usiku, ukumbi ukijaa, huwezi kusikia jambo hilo. Lakini ukishalisikia mara moja, hutasema tena kwamba besi ni chombo cha nyuma.

Utaona pia wapiga magitaa wakitiuni mara kwa mara na kufuta nyuzi kwa kitambaa. Upepo wetu una chumvi, na chumvi hula nyuzi za chuma. Bendi ya Dar iliyozoea kupiga ndani, kwenye kiyoyozi, hufika hapa na magitaa yanayokataa kutulia. Usiwahukumu kwa wimbo wa kwanza.

Magharibi ikiadhiniwa, fundi mwenye adabu hushusha kila kitu. Tumia muda huo kula. Mihogo ya kukaanga na pweza, au mishkaki miwili mitatu. Mwenye njaa hawezi kusimama kwa muda wa saa tatu mbele ya jukwaa.

Mahali pa kusimama

Hili ndilo wengi wanakosea. Wanaopenda sana bendi husukumana hadi mbele kabisa, wakadhani karibu ndiko kuzuri. Mbele kabisa, katikati, unasikia ampu za jukwaani na matoazi. Maneno huyasikii, kwa sababu sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa za pembeni, ambazo zimekupita na kuelekea nyuma yako. Mbele kabisa, pembeni, ni vibaya zaidi: umesimama mdomoni mwa spika.

Fanya hivi. Tazama spika mbili kubwa, kushoto na kulia. Kadiria umbali kati yake. Kisha rudi nyuma umbali huohuo, ukae katikati, ili wewe na spika zile mfanye pembetatu yenye pande sawa. Hapo kushoto na kulia vinakutana. Kama mikisa ya fundi imewekwa mbele ya jukwaa, ndani ya watu, simama karibu nayo kwa sababu yeye anapanga sauti kwa masikio yaliyopo pale. Kama imefichwa pembeni au nyuma ya nguzo, ambako hapa kwetu hutokea mara nyingi, rudi kwenye pembetatu yako.

Onyesho la ufukweni lina kanuni nyingine. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo kila ukiongeza umbali mara mbili sauti hushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sita hivi, na upepo wa bahari huchukua sauti nyembamba na kuiacha besi. Sogea karibu kidogo, na ukiweza kaa upande ambao upepo unaelekea, usikae unakotokea.

Epuka kona, epuka kuegemea ukuta wa nyuma, epuka kusimama chini ya bati. Na umeme ukikatika, usikimbie. Tulia palepale, jenereta itaungurumishwa, na baadhi ya nyakati nzuri kabisa nilizowahi kuziona ni zile dakika tano za giza ambapo mpiga drams anaendelea bila umeme na ukumbi mzima unashika kiitikio.

Masikio ni yako, hayauzwi dukani

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo niliposimama hatua mbili kutoka spika ya kulia, katika ukumbi mmoja nisioutaja, usiku mzima. Niliona ndiyo mapenzi ya muziki. Nilipotoka, bahari sikuisikia. Nilitembea ufukweni naona mawimbi yanavunjika kimya, na kichwani kuna mluzi mwembamba usiokatika. Ulidumu siku mbili. Mpaka leo sikio la kulia linapoteza herufi "s" mtu akiongea kwa sauti ndogo. Sitaki ikupate.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini, desibeli 85 sikio huvumilia kwa muda wa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Saa nne kwa 88, saa mbili kwa 91, na ukifika 100, ambazo ni za kawaida kwenye onyesho la roki, umebakiwa na robo saa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba wastani usizidi desibeli 100. Kwenye kumbi zetu hakuna anayekupimia, kwa hiyo jilinde mwenyewe.

Nunua vizibo vya masikio vya sponji, vile wanavyouza kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa. Bei yake ni ndogo. Wengi huviweka vibaya kisha wakasema havifai. Viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Sukuma kizibo ndani, kishikilie kwa kidole sekunde thelathini mpaka kijae. Ukiongea ukasikia sauti yako inavuma kichwani, kimekaa sawasawa. Pamba na tishu hazizuii vya kutosha, usijidanganye nazo. Sponji hupunguza zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo gitaa litasikika kama liko chumba cha pili. Ukiwa mtu wa kwenda mara kwa mara, tafuta vile vya wanamuziki vyenye kichujio, vinashusha sauti yote kwa usawa.

Toka nje dakika kumi kila saa. Ukija na mtoto, mvalishe vile vya kufunika sikio lote, na kama hunavyo, mrudishe nyumbani nyimbo zikianza. Nasema hivi nikijua utaudhika.

Sikiliza kuanzia chini

Mtu aliyezoea bongo fleva husikiliza mwimbaji. Kwenye fanki ukimfuata mwimbaji utaona wimbo hauendi popote, maana mwimbaji anarudia maneno manne. Shuka chini.

Anza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. James Brown, mwimbaji wa Marekani, na bendi yake, miaka ya 1960, waliuhamisha uzito wote ukaangukia kwenye moja. Dramu kubwa na besi hutua hapo pamoja, kwa nguvu, kisha vyombo vingine hujaza nafasi zilizobaki. Ukiishika moja, mwili utajua la kufanya. Ukiipoteza, tazama mguu wa mpiga drams.

Baada ya hapo chagua chombo kimoja, kisikilize dakika nzima, kisha hamia kingine. Gitaa la ridhimu linapiga kidogo sana: chk, kimya, chk-chk, kimya. Peke yake halina maana. Kinanda nacho vipande. Tumba nazo vipande. Aliyekua akiukimbilia mdundiko unapopita mtaani hahitaji kufundishwa hili. Ngoma kubwa inatamka neno moja, ndogo zinamjibu, na hakuna hata moja inayopiga wimbo mzima. Wimbo unatokea katikati yao. Mtu wa pwani anayesema haelewi fanki ameshaielewa tangu utotoni, hajaambiwa tu.

Roki iko tofauti kidogo. Yenyewe hupanda na kushuka. Ubeti huwa mdogo, gitaa limebanwa kwa kiganja, halafu kiitikio kinafunguka na ampu inaachiwa. Ngoja ile hatua kabla ya kiitikio, pale mpiga drams anapozunguka ngoma zake zote kwa mkupuo. Bendi nzuri hunyamaza nukta moja hapo. Ukumbi mzuri nao hunyamaza.

Adabu ya msikilizaji

Lipa kiingilio. Najua ukuta mfupi uko wapi na nimeshauegemea sana, lakini bendi ya watu sita iliyotoka Dar na mitambo ya kukodi inagawana kile kilichokusanywa mlangoni, basi. Nilipojua hivyo niliacha ukuta.

Kutuza kunaruhusiwa na kunapendwa, kama kwenye dansi. Subiri mtu apige kitu kilichokugusa, panda kwa upole pembeni ya jukwaa, mpe mkononi au weka mbele yake. Usimwekee mpiga drams noti usoni kwenye jasho, anashindwa kuona. Na usitupe noti juu ya nyaya na pedali za gitaa. Mguu wa mpigaji unahitaji kuziona. Ningependa siku moja umtuze mpiga besi. Hatuzwi, na ndiye uliyekuwa ukicheza naye usiku wote.

Simu: rekodi wimbo mmoja, irudishe mfukoni. Usiombe nyimbo za bendi nyingine. Bendi ya kwanza, ile ya vijana wanaofungua, isikilize kama ile kubwa, wapigie makofi, kwa sababu baadhi yao wako hapa mjini na Jumatatu utapishana nao sokoni. Kinamama na kinadada wakicheza, wape nafasi yao. Ukimwona mtu anamsumbua binti, nenda kasimame hapo kati, au mwite baunsa.

Kutoka na kurudi

Panga usafiri kabla ya wimbo wa mwisho. Chukua namba ya bodaboda au bajaji unayemwamini jioni, wakati bado kuna mwanga, na uwe na namba ya pili, maana mimi niliwahi kuahidiwa "nitakuja saa saba" na nikaiona alfajiri. Usikate njia ya ufukweni usiku, hata kama gesti yako iko hatua mia tatu na mbalamwezi inapendeza. Pita barabara yenye taa, mkiwa wawili watatu.

Asubuhi ukiamka, zima feni, kaa kimya dakika moja usikilize. Kukiwa na mluzi, usiguse spika wala vipokea sauti siku hiyo nzima. Ukiendelea kesho kutwa, au ukiona sikio moja limekuwa zito, nenda kwa daktari mapema bila kungoja lipone lenyewe.

Ila kama bado una nguvu wimbo wa mwisho ukiisha, usiondoke na umati. Baki. Fundi na vijana wake wana nyaya za kukunja na wamechoka. Uliza kama unaweza kusaidia. Usizungushe waya kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, unaunyonga ndani na utakatika. Shika ncha kwa mkono wa kushoto, tengeneza duara moja kwa juu, la pili ligeuze kwa chini, juu, chini, mpaka mwisho, ili kesho ukirushwa ufunguke wenyewe bila fundo. Fundi atakuonyesha mara moja. Ukikunja nyaya kumi vizuri atakuuliza jina, na safari ijayo gari la mitambo likiingia getini saa kumi jioni, atakuita ushike upande mmoja wa spika.